Kambi ya Nini?

Swali lilikuja dakika chache kabla ya kipindi kwisha, jioni ya Alhamisi, nilipokuwa tayari nimeshika kifutio. Ninafundisha Kiswahili kwa watu wazima hapa Berlin mara moja kwa wiki, na siku hiyo tulikuwa tumeshughulika na kile kiungo kidogo kinachowahangaisha wanafunzi wote wa lugha yetu, yaani -a ya uhusiano: kisima cha maji, dawa ya meno, nyumba ya wageni. Mwanafunzi mmoja, mzee mstaafu ambaye hakosi kipindi hata theluji ikianguka, alitaka kujua Waswahili wanaziitaje kambi zile zilizojengwa na Wanazi. Nikaandika ubaoni: kambi ya mateso. Akanakili daftarini kwa herufi zake zilizonyooka, kisha akainua kichwa.

"Mwalimu, hiyo *ya* inaeleza kilichomo ndani, au inaeleza kazi ambayo kitu kimewekewa?"

Nusu saa kabla nilikuwa nimewafundisha kwamba chupa ya maziwa yaweza kuwa chupa yenye maziwa ndani, na yaweza kuwa chupa iliyotengwa kwa ajili ya maziwa, hata kama sasa ni tupu na imekauka. Nilimjibu kwamba katika neno hili maana zote mbili zimo. Aliridhika, akafunga daftari.

Mimi sikuridhika.

Kwa wiki nzima, na nyingine iliyofuata, swali lile lilinifuata kwenye basi na jikoni. Kwamba mateso yalikuwamo ndani ya kambi hizo, hakuna mtu mwenye akili timamu anayebisha. Lakini je, serikali hujenga kuta, minara, nyaya za umeme na ofisi za makarani ili watu wateseke tu? Mateso ni kitu ambacho binadamu anaweza kumfanyia mwenzake uchochoroni bila gharama yoyote. Kambi hugharimu fedha, na anayetoa fedha huwa na jambo analolitaka.

Ofisi ya kodi

Wiki ya tatu nilipanda treni kwenda Oranienburg, mji mdogo ulio kilomita 35 hivi kaskazini ya katikati ya Berlin, mwisho wa njia ya treni za mjini. Kutoka kituoni hadi Sachsenhausen ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, katikati ya nyumba za kawaida zenye mapazia na vyungu vya maua.

Kabla ya kufika kambini nilipita jengo refu lenye umbo la herufi T. Mama mmoja mwenye koti la bluu alikuwa akipanda ngazi, ameshika bahasha kubwa ya khaki kifuani ili upepo usiipeperushe. Nilimwona akisukuma mlango na kuingia. Leo hiyo ni ofisi ya kodi. Tangu mwaka 1938 hadi 1945 ndipo palipokuwa na Ukaguzi wa Kambi, idara ya SS, kikosi chenye silaha cha chama cha Wanazi, iliyoendesha mtandao wote wa kambi hizo: Dachau, Buchenwald, Ravensbrück, Mauthausen, Auschwitz na nyinginezo. Humo ndimo zilimotoka amri kuhusu kiasi cha chakula cha mfungwa, adhabu zake, kazi atakayofanya na namna kifo chake kitakavyoandikishwa.

Nilisimama hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nilikuwa nimekuja kutazama mahali pa kuteswa watu, nami nilikuwa nikitazama madirisha ya makarani.

Pembetatu

Oranienburg ilikuwa imekwisha kuwa na kambi nyingine kabla ya hii. Mwaka 1933, wiki chache tu baada ya Hitler kushika madaraka, wanamgambo wa chama chake, SA, waligeuza kiwanda cha zamani cha bia katikati ya mji kuwa gereza la wapinzani wao. Watu wa mtaani waliwaona wafungwa wakipitishwa. Mshairi Erich Mühsam aliuawa humo Julai 1934. Kambi hiyo ilikuwa ya hasira na ya kulipiza kisasi: washindi wa siasa waliwapiga walioshindwa, na walifanya hivyo karibu hadharani.

Kambi ya pili ilitokana na wazo la namna nyingine. Ilianza kujengwa Julai 1936, na waliokata misonobari na kusawazisha ardhi walikuwa wafungwa wenyewe, walioletwa kutoka kambi ya Esterwegen karibu na mpaka wa Uholanzi. Mwezi uliofuata Berlin iliwapokea wageni wa dunia nzima kwa Michezo ya Olimpiki, huku kazi ya kusimamisha mabanda ikiendelea mwendo mfupi wa treni kutoka uwanjani. Mchoraji ramani, Bernhard Kuiper, aliipa kambi umbo la pembetatu. Katikati ya kitako cha pembetatu hiyo kuna Mnara A, ambao ndio lango. Mbele yake kuna uwanja wa nusu duara wa kuhesabia watu. Na nyuma ya uwanja mabanda yamepangwa kama vijiti vya upepeo, ili mlinzi mmoja mwenye bunduki ya rashasha juu ya lango aweze kuona vichochoro vyote bila kusogea.

Nilisimama chini ya mnara huo nikajaribu. Mabanda mengi hayapo tena, yamebaki maumbo yake tu ardhini, lakini jicho bado linafanya kile lilichokusudiwa kufanya. Ukigeuza kichwa kidogo kushoto na kidogo kulia, umemaliza kambi yote.

Himmler, mkuu wa SS, aliisifia kambi hii kuwa ni mpya kabisa, ya kisasa, inayoweza kupanuliwa wakati wowote. Hapo ndipo nilipoanza kuona madhumuni yake. Sachsenhausen ilikusudiwa kuwa kielelezo, mahali ambapo utawala wa SS ungejifunza kazi yake na kuwafundisha wengine. Mmoja wa makamanda wake wa mwanzo, Karl Otto Koch, alitoka hapa mwaka 1937 akaenda kuanzisha Buchenwald. Rudolf Höss alifanya kazi hapa tangu 1938, na mwaka 1940 akatumwa kuanzisha Auschwitz. Walinzi vijana walipitishwa hapa wazoee. Kwa hiyo, kama mzee wangu angeniuliza siku hiyo chini ya mnara, ningemjibu kwamba ilikuwa kambi ya kujifunzia.

Lakini jibu hilo nalo halikudumu hadi jioni.

Kwa sababu ile pembetatu ilivunjika. Umbo lililosifiwa kwamba linapanuka ndilo lililoshindwa kupanuka, maana ukiongeza banda nje ya mistari mitatu, mlinzi wa mnarani halioni tena. Mwaka 1938 polisi waliwakamata kwa wingi watu walioitwa wavivu na wasiofaa katika jamii, na elfu kadhaa kati yao wakaletwa hapa mwezi Juni. Novemba mwaka huohuo, baada ya masinagogi kuchomwa moto nchini kote, waliletwa Wayahudi 6,000 hivi. Ikabidi yajengwe mabanda ya ziada pembeni, na yale ya namba 38 na 39 ndiyo waliyofungiwa Wayahudi. Kisha vikaja vita, na pamoja na vita wakaja watu wa mataifa mengine. Kati ya wa kwanza walikuwa maprofesa wa chuo kikuu cha Krakow, waliokuwa wameitwa kusikiliza mhadhara Novemba 1939 wakakamatwa ukumbini. Hadi mwisho, zaidi ya watu 200,000 walikuwa wamepitia lango lile.

Kila mmoja alishonewa kitambaa cha pembetatu kifuani: chekundu kwa wapinzani wa siasa, kijani kwa walioitwa wahalifu, cheusi kwa walioitwa wasiofaa, cha waridi kwa wanaume waliokamatwa kwa kupenda wanaume, cha zambarau kwa Mashahidi wa Yehova. Wayahudi walivaa alama ya njano. Mtu alipopita, mlinzi hakuwa na haja ya kujua jina lake.

Viatu

Pembezoni mwa uwanja wa kuhesabia watu imebaki njia ambayo mgeni anaweza kuivuka bila kuitambua. Imegawanywa vipande vipande: hapa saruji, hapa kokoto, hapa mchanga, hapa mawe yaliyopondwa. Vita vilikuwa vimeleta uhaba wa ngozi, na viwanda vya Ujerumani vilitaka kujua ni soli zipi za bandia zitakazodumu. Kuanzia mwaka 1940 kikosi cha wafungwa kilitembezwa juu ya njia hii kutwa nzima, hadi kilomita 40 kwa siku, wengine wakiwa na mizigo mgongoni, ili soli zichakae na vipimo viandikwe.

Niliinama nikagusa kokoto. Ni kokoto za kawaida.

Kilichonishika hapo ni kwamba njia ile haikuwekwa kwa ajili ya kuwatesa wale wanaume, ingawa waliteseka na wengi walianguka. Iliwekwa kwa ajili ya viatu. Aliyesoma ripoti mezani pake alisoma habari za soli. Mtu aliyekuwa ndani ya kiatu alikuwa sehemu ya mashine ya kupimia, na mashine ikiharibika huletwa nyingine.

Kazi nyingine zilikuwa za namna hiyohiyo. Kando ya mfereji kilijengwa kiwanda kikubwa cha matofali, kilichokusudiwa kulisha majengo makubwa ambayo Hitler alitaka kuyasimamisha Berlin. Na katika kiwanda hicho, majira ya joto ya 1942, walinzi waliwaua kwa makusudi, katika muda wa wiki chache, idadi kubwa ya wafungwa wenye alama ya waridi. Katika mabanda 18 na 19 Wayahudi wachache wenye ujuzi wa uchapishaji walilazimishwa kutengeneza noti bandia za pauni ya Kiingereza. Wengine walipelekwa kwenye kiwanda cha ndege cha Heinkel. Kwa hiyo ilikuwa kambi ya kazi? Ndiyo, na pia siyo, maana hakuna mwajiri anayetaka faida halafu akawaua mafundi wake kwenye kiwanda cha matofali.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki hulichanganya mara nyingi, nami nililichanganya kwa miaka. Sachsenhausen haikuwa kama Treblinka, Sobibor au Belzec. Zile zilikuwa sehemu za kuulia tu, ambako karibu kila aliyeshushwa kwenye treni aliuawa ndani ya saa chache. Huko hapakuhitajika mabanda mengi, kwa sababu hapakuwa na wa kulala. Lakini tofauti hiyo isimfariji mtu. Sachsenhausen ilijenga tanuri lake la kuchomea maiti mwaka 1940, na mwaka 1942 likaongezwa jengo la kunyongea na kupigia watu risasi, lililoitwa Kituo Z, kwa kuwa mfungwa aliingia kwa Mnara A na Z ni herufi ya mwisho. Mwaka uliofuata kiliwekwa humo chumba cha gesi. Wayahudi waliobaki kambini, isipokuwa wachache, walikuwa tayari wamepelekwa Auschwitz Oktoba 1942.

Bila hakimu

Usiku ule nyumbani sikuweza kulala, na nilichokuwa nikikifikiria ni mlango mmoja wa mahakama.

Martin Niemöller alikuwa mchungaji wa kanisa la Kilutheri hapa Berlin, aliyepinga serikali kuingilia kanisa. Alishtakiwa, na Machi 1938 mahakama ikamhukumu kifungo cha miezi saba, muda ambao alikuwa amekwisha kuumaliza rumande. Kwa sheria za nchi yake, wakati huo zikiwa bado na majaji wenye majoho, alikuwa mtu huru. Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walimchukua hapohapo wakampeleka Sachsenhausen. Alikaa katika makambi hadi 1945.

Kifungo cha namna hiyo wao walikiita kifungo cha ulinzi. Kilitokana na amri ya tarehe 28 Februari 1933, iliyotolewa siku moja baada ya jengo la bunge kuungua, ambayo iliondoa haki ya mtu kutokamatwa bila sababu. Tangu siku hiyo polisi waliweza kumweka mtu ndani bila shitaka, bila wakili na bila tarehe ya kutoka. Magereza ya kawaida yaliendelea kuwapo. Yalikuwa na wafungwa wao, waliohukumiwa kwa vifungu vya sheria na kuhesabiwa miaka yao. Kambi iliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye sheria haikumfikia, au ilikuwa imemalizana naye, ilhali wakubwa bado hawakumtaka.

Nikawasha taa. Nilihisi nimepata maana ya ile *ya*. Mafunzo, viatu, matofali na noti za pauni vilikuja juu yake, kimoja baada ya kingine, kadiri SS walivyogundua kwamba mtu asiyekuwa na sheria ya kumlinda anaweza kutumiwa kwa lolote. Msingi wa jengo ulikuwa kumtoa mtu nje ya sheria, na kumtoa huko kwa utaratibu, kwa karatasi na muhuri.

Lugha yetu inalo neno *kizuizini*, na watu wa umri wa wazazi wangu hulitamka kwa sauti ya chini, maana walilijua wakati wa ukoloni na hata baadaye. Sisemi kwamba mambo hayo yalikuwa sawa na Sachsenhausen. Ninasema tu kwamba nilipoisoma amri ile ya 1933 sikuhitaji kamusi.

Septemba 1941

Kuna chumba kingine ambacho jengo lake halipo tena. Kuanzia Septemba 1941 treni zilileta askari wa Kisovieti waliotekwa vitani. Waliambiwa watapimwa na daktari. Kila mmoja aliingizwa peke yake, akaoneshwa kipimo cha urefu kilichosimamishwa ukutani, akaambiwa asimame wima akiegemeza mgongo. Muziki ulipigwa kwa sauti kubwa ili walio nje wasisikie. Nyuma ya kipimo kulikuwa na mwanya, na nyuma ya mwanya, katika chumba cha pili, kulikuwa na mtu wa SS mwenye bastola, aliyelenga shingo. Zaidi ya 10,000 waliuawa hivyo katika muda wa wiki chache.

Septemba hiyohiyo aliletwa mwalimu wa Kiswahili.

Mahjub bin Adam

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari Msudani katika jeshi la Wajerumani, na vita vilipoanza mwaka 1914 mtoto wa miaka kumi aliingia jeshini pamoja na baba. Alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa mwaka 1917 akashikwa na Waingereza. Baadaye alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin. Moja ya mambo yaliyomleta ni kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake. Alijibiwa kwamba amechelewa.

Alibaki. Alikuwa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe la Potsdamer Platz. Alimwoa mwanamke Mjerumani Januari 1933, siku tatu kabla ya Hitler kuwa kansela. Katika chuo kikuu cha mji huu alikuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili, kwa malipo madogo, akiwasahihisha matamshi watu waliokuwa wakiota kurudi Tanganyika kama mabwana. Aliomba nishani ya waliopigana vitani, akanyimwa. Vita vya pili vilipoanza aliomba kujiunga na jeshi, akakataliwa. Alicheza nafasi ndogondogo katika filamu nyingi, ya mwisho ikiwa filamu ya 1941 iliyomtukuza Carl Peters, yule ambaye kwetu anakumbukwa kwa jina la Mkono wa Damu.

Jambo hili lilinisumbua sana, na silifichi. Nilitaka awe shujaa, na sikumpata shujaa. Nilimpata mtu aliyevaa sare ya askari kwenye mikutano ya watu waliotaka makoloni yao, na ambaye kila mara aliandika barua kwa adabu kwa serikali ile akidai kile alichoamini kuwa ni haki yake. Nilijiuliza pia kwa nini wafungwa 200,000 hawakuniondolea usingizi kama alivyoniondolea mmoja aliyezaliwa Dar es Salaam, na sidhani kwamba jibu lake linanipendeza.

Agosti 1941 Gestapo walimkamata kwa tuhuma za kuwa na uhusiano na mwanamke mwingine Mjerumani, jambo lililohesabiwa kuwa ni kuchafua rangi. Hakupelekwa mahakamani. Mtu aliyekuwa ameishi miaka kumi na miwili katika mji huu akiamini barua, maombi na vyeti, alipewa karatasi moja ambayo haikuwa na mahali pa kukata rufani. Alifariki Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na miaka 40.

Miezi mitano baadaye SS waliwatoa zaidi ya wafungwa 30,000 wakawatembeza kwa miguu kuelekea kaskazini-magharibi, wakiwapiga risasi walioshindwa njiani. Askari wa Kisovieti na wa Kipolandi walipofika tarehe 22 Aprili 1945 waliwakuta wagonjwa 3,000 hivi. Agosti mwaka huo Wasovieti nao waliyatumia mabanda yaleyale kufungia wafungwa wao hadi 1950, na kati ya 60,000 waliofungwa humo 12,000 walikufa kwa njaa na maradhi.

Kabla ya Alhamisi iliyofuata nilikwenda Brunnenstraße namba 193, ambako mwaka 2007 liliwekwa chini kijiwe cha shaba chenye jina lake. Kilikuwa kimefifia. Nilikisugua kwa leso hadi herufi zikang'aa kidogo, watu wakinipita kushoto na kulia.

Darasani mzee alinisubiri na daftari lake. Nilimwambia aliache neno kama lilivyo, kambi ya mateso, kwa sababu ndilo tulilo nalo na waliokuwamo waliteswa kweli. Kisha nikaomba kalamu yake, nikaandika chini ya neno hilo jina la mwalimu aliyenitangulia katika mji huu, mwaka aliozaliwa, mwaka aliokufa na mji wa kwao. Alisoma polepole. Akauliza kama Dar es Salaam huandikwa kwa neno moja au mawili.

Matatu, nikamwambia.